Sungura Wawili Katika Nyumba Yetu Ndogo



Huenda na wewe unakaa katika nyumba ndogo kama yangu. Nyumba yangu ina vyumba viwili na sebule. Kuta ni za matofali mabichi. Sakafu ni ya udongo. Humo ndani tunalala watu watano, pamoja na sungura wawili.

Sungura hao hatuwali wala hatuwauzi. Ni wa mjukuu wangu. Mtoto huyu alikuja kukaa nasi baada ya mama yake kufariki. Alikuja na nguo zake, na sungura hao wakiwa ndani ya tenga. Basi usiniulize kwa nini hawaingii chunguni. Majirani wameniuliza vya kutosha.

Labda utauliza kwa nini hawalali nje. Hapa kwetu Njombe, banda la nje lina maadui wake. Kuna kicheche, kuna mbwa, kuna mwizi. Siafu nao wakipita usiku, sungura aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Mke wangu alikubali walale ndani, lakini alitoa sharti moja. Alisema, "Mzee, siku nitakayosikia harufu yao nikiwa kitandani, watatoka." Kwa hiyo ilinibidi nitafute njia ya kuwaweka katika kona moja ya sebule, bila harufu na bila fedha nyingi.

Kwanza nikueleze jambo la sakafu. Sungura wa kufugwa siye yule wa hadithi zetu. Yule wa hadithi ni sungura wa porini. Yeye hulala juu ya ardhi, katika majani. Huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya, upande wa Hispania, na wazee wake waliishi katika mashimo waliyochimba wenyewe. Tabia hiyo hajaiacha. Ukimwacha huru usiku juu ya sakafu ya udongo, atachimba chini ya ukuta. Mvua ikija, maji yatafuata shimo hilo hilo. Ukuta wa matofali mabichi ukilowa chini, unaweza kuanguka.

Ndiyo sababu sungura wetu wana kizimba chenye miguu. Kimeinuka futi 2 kutoka sakafuni. Urefu wake ni futi 5, upana futi 2, na kwenda juu futi 2. Kama huna futikamba, mpime sungura mwenyewe. Aweze kuruka mara tatu kwa kufuatana bila kugonga. Aweze kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio yake kugusa juu. Kizimba kidogo kuliko hapo ni jela.

Mianzi hapa kwetu si ya kutafuta. Watu huipanda kwa ajili ya ulanzi, na iliyozeeka hukatwa. Nilipewa mianzi hiyo bure. Ubao niliutoa katika mlango wa zamani. Bati lilitoka katika paa la choo kilichobomolewa. Nilinunua misumari tu.

Nusu ya sakafu ya kizimba ni ubao, ili wapumzishe miguu. Nusu nyingine ni fito za mwanzi uliopasuliwa, upande laini ukiwa juu. Kati ya ufito na ufito nafasi ni ya kidole kidogo. Ikiwa nyembamba zaidi, mavi yatakwama. Ikiwa pana zaidi, mguu utanasa. Vifundo vya mwanzi nilivisugua kwa jiwe mpaka vikawa laini. Chini ya fito nimelaza bati kwa mteremko, nalo linamwaga mkojo katika kopo.

Sungura huchagua pembe moja ya kukojolea. Watazame siku mbili au tatu, utaiona. Wetu walichagua pembe ya ubao, siyo ya fito kama nilivyopanga. Sikugombana nao. Niliweka pale karai bovu lenye majani makavu, nao wakaendelea kukojolea humo. Kila asubuhi mjukuu wangu humwaga karai na kopo, hufagia, kisha huweka majani mengine. Mavi tunapeleka katika kabichi. Kabichi hizo hata yule jirani anayenicheka huja kuziomba.

Kuhusu harufu, usipime ukiwa umesimama. Inama mpaka pua yako iwe sawa na pua ya sungura. Vuta hewa. Kama macho yako yanawasha, jua kwamba yake yamewashwa usiku kucha. Hewa ya namna hiyo huharibu mapafu yake. Ndiyo maana kizimba chetu kiko karibu na dirisha, lakini si mbele ya mlango penye upepo mkali. Jikoni sikuwaweka kwa sababu ya moshi.

Chakula chao kikubwa ni majani makavu. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na majani hayo ndiyo yanayoyapunguza. Tunaongeza matembele kidogo, na maji safi katika bakuli zito la udongo ili wasiliangushe. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya usiwape, ni sumu kwao. Ukimwona sungura anakula mavi laini moja kwa moja kutoka nyuma yake, usimfukuze. Hayo anayapitisha tumboni mara ya pili. Ndivyo alivyoumbwa.

Kila jioni tunawafungulia kwa muda wa saa moja hivi. Tunasogeza meza, nao wanakimbia tukiwatazama. Kama una umeme wa jua, inua waya zako kwanza. Sungura hukata waya kama anavyokata jani. Wametutafunia mkeka pia, na mke wangu hajausahau.

Bwana mifugo alitutazamia, akasema wote ni majike. Hiyo ilikuwa bahati. Kama wako ni dume na jike, watenge mapema, wakiwa na miezi mitatu. Usiseme hawa ni ndugu, wao hawajali. Mimba huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyozaa. Nyumba ya vyumba viwili haiwezi kuhimili hayo.

Wewe unayekaa mahali pa joto, kama Pwani, ogopa jua kuliko kitu chochote. Usiegemeze kizimba kwenye bati. Mchana weka chupa ya maji baridi iliyozungushiwa kitambaa, alale ubavuni mwake.

Sisi shida yetu ni baridi ya Juni na Julai. Sungura huistahimili akiwa mkavu. Tunafunika kizimba kwa gunia pande tatu, na upande wa nne tunauacha wazi kwa ajili ya hewa. Mjukuu wangu hutaka kuongeza na blanketi lake. Bibi yake humkatalia. Blanketi lenyewe ni moja, na wanalala wawili.