Chombo Kinalala Wapi?

Ufundi wa vyombo niliuanzia Matondoni, kisiwani Lamu, nikiwa kijana wa kukanda deheni. Mzee aliyenifunza aliyeyusha shahamu, akatia chokaa, nasi tukaipaka kwa viganja toka mkukuni hadi mstari wa maji, ili minyoo ya baharini isitoboe mbao. Mashindano ya mashua ya Maulidi yakikaribia, tulikipweleza chombo mchangani, tukakwangua ukoga na makome, tukapaka upya. Mzee alipitisha kiganja toka omo hadi tezi. Kikikwama popote, tulirudia. Hata leo nakiamini kiganja kuliko jicho.

Baadaye nilihamia Kilifi, kwenye karakana ya mashua za faiba. Kila mwenye chombo cha mashindano aliniuliza rangi gani ina mbio. Nami nilimuuliza kwanza: chombo chako kinalala wapi?

Kikilala nchi kavu na kuingia majini siku ya mashindano tu, hakihitaji rangi yenye sumu. Kitie rangi ngumu, uisugue kwa msasa wa maji namba 400 au zaidi, basi. Kikilala majini, mambo ni mengine. Bahari yetu ina joto, na ukoga huota upesi. Utando mwembamba tu wakokota chombo kizima. Hapo ndipo inapohitajika rangi ya shaba, nayo ni ya namna mbili. Ipo inayolika polepole na kujisafisha yenyewe, nzuri kwa chombo cha safari, lakini kila ukiisugua unaipunguza. Na ipo ngumu, inayovumilia msasa na brashi ya mpiga mbizi. Kwa mashindano mimi huchagua ngumu, ingawa matabaka hurundikana na baada ya miaka sharti yakwanguliwe yote.

Zamani zilikuwepo rangi zenye sumu ya bati, kali kuliko shaba. Ziliharibu chaza wa Arcachon, Ufaransa, hata nchi hiyo ikaanza kuzibana mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa 2001, ukaanza kutumika 2008. Naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote: hakuna kombe linalostahili kuua kinachotulisha.

Wapo pia wanaotafuta ujanja wa kupunguza msuguano wa maji. Mwaka 1987 mashua Stars & Stripes ya Marekani ilitwaa Kombe la America huko Fremantle, Australia, ikiwa imebandikwa ngozi ya vijifereji vyembamba chini. Leo kanuni za mashindano zinakataza ngozi za namna hiyo, na pia kuachia majini kitu chochote cha kupunguza msuguano.

Kwa hiyo, mwenye chombo, kabla ya kununua kopo la bei kubwa, walipe vijana wenye mikono mizuri wakusugulie. Rangi ya kawaida iliyosuguliwa sawasawa huishinda rangi ghali iliyopakwa kwa haraka.