Helmeti Kwanza

Muuzaji alijaribu kukikunja kiatu mbele ya macho yangu, kikakataa. "Cheki hiyo, bro. Iko na kaboni ndani. Hii ndiyo ya Kipchoge." Alitaka shilingi 7,500. Ilikuwa Jumamosi jioni Gikomba, na nilikuwa na 28,000 tu, malipo ya makala za miezi minne. Kiatu kilikuwa cha rangi ya chungwa inayong'aa. Nilikishika nikajiona nimeshavuka utepe.

Nilikuwa nimejiandikisha kwa trayathloni fupi: mita 750 majini, kilomita 20 kwenye baiskeli, kilomita 5 kwa miguu. Shida ilikuwa moja: sikujua kuogelea. Nimekulia Mwingi. Kwetu maji yalikuja kwa mitungi, yakibebwa na punda, na hakuna aliyefikiria kuingia ndani yake.

"Hujui kuogelea na unanunua kiatu cha kaboni?" dadangu aliniuliza kwa simu. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Alikuwa amenipata. Nilipoingia chuo kusomea uhandisi nilinunua kalkuleta ya bei, seti nzima ya kalamu na ubao wa kuchorea. Nilipoacha katika mwaka wa tatu, ubao ulikuwa bado umevaa plastiki ya dukani. Kununua vifaa kunafanana sana na kufanya kazi yenyewe: unatembea, unachoka, unatoa pesa, unarudi keja na kitu mkononi. Mtu akikuuliza unaendeleaje, una cha kumwonyesha.

Nikamwambia muuzaji aniwekee kiatu, nitarudi.

Kesho yake nilienda kwa fundi wa baiskeli mtaani kwetu. Alikuwa na mbili za mbio, zote mtumba. Niliipenda ile nyeusi, nyepesi kama mwavuli. Akanisimamisha juu yake, miguu huku na huku, na bomba la juu likanigusa mahali pabaya. "Hiyo ni ya mrefu," akasema. Ile ya pili ilikuwa ya kijani, imechubuka. Akanikalisha, akaniambia niweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti likabaki limekunjika. Akapandisha kiti mpaka mguu ukanyooka. "Ukikanyaga na mbele ya mguu sasa, goti litakunjika kidogo tu. Hapo ndipo pako." Nilizunguka mtaa mara mbili na sikusikia ule uchungu wa magoti niliodhani ni wangu wa kuzaliwa. Shilingi 17,000.

"Na helmeti?"

"Nitatafuta ya mtumba, mzee."

Akaweka spana chini. "Helmeti hainunuliwi mtumba, kijana. Utajuaje iligonga nini?" Akanieleza kwamba ile povu ngumu ya ndani hupokea pigo kwa kujiponda yenyewe. Ikishapondwa imemaliza kazi, na nje plastiki inaweza kung'aa kama mpya. Nilikumbuka pia sheria ya trayathloni niliyokuwa nimeipita haraka: ukitoka majini huitoi baiskeli kwenye stendi yake kabla helmeti haijafungwa kidevuni.

Usiku nikapiga hesabu. Baiskeli na kiatu cha chungwa: 24,500. Ingebaki 3,500, bei kamili ya helmeti mpya. Kidimbwi, ambacho ni 300 kila ukiingia, kingekosa hata shilingi. Yaani ningefika kwenye mashindano nikiwa na kila kitu isipokuwa kile kitu kimoja nilichokuwa nakiogopa.

Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka wa 1960 miguu mitupu. Watu hupenda kuisimulia hiyo kuonyesha kwamba vifaa si chochote. Lakini Tokyo, mwaka wa 1964, alivaa viatu, na akashinda tena. Mimi nadhani alikuwa tayari kabla ya kufika kwenye swali la viatu.

Nilirudi Gikomba Jumatatu jioni, saa ambayo miguu imevimba kidogo kama inavyovimba ukikimbia. Nikachagua kiatu cha kijivu cha 2,800: soli haijalika upande mmoja, na mbele ya kidole gumba nafasi ya upana wa dole. Kile cha chungwa kilikuwa kimeshanunuliwa. Iliniuma, siwezi kudanganya.

Helmeti nilinunua mpya. Miwani ya kuogelea, 900: unaibandika usoni bila kufunga mkanda, ikishika kidogo ni yako. Zikabaki 3,800. Kuingia kidimbwini mara kumi na mbili, na mia mbili za nauli.

Mara ya kwanza nilishika ukingo dakika arobaini. Watoto wa miaka saba walinipita wakiruka. Mara ya tano niliweza kupuliza hewa nje uso ukiwa ndani ya maji. Jana ilikuwa mara ya tisa. Nilitoka ukuta mmoja nikafika wa pili, mita 25, nikikohoa, miguu ikizama, bila kugusa chini.

Zimebaki mita 725. Na tiketi tatu.