Shajara ya Chumba cha Mashine

Mwanza. Jumatatu, 3 Machi
Geji ya kondensa bado iko juu. Baa 14.5! Kwa amonia hiyo ni nyuzi 40. Nimepima bomba la kimiminika: 35. Hizi tano zimetoka wapi? Hewa. Haiwezi kuwa kingine. Frizi ya minofu ya sangara tunaishusha hadi hasi 40, na chini ya hasi 33 presha ya upande wa kunyonya huwa ndogo kuliko ya hewa ya nje. Sili ikilegea kidogo tu, hewa inavutwa ndani, inajikusanya kwenye kondensa, na kompresa inahangaika bure. Umeme unateketea. Usingizi hauji.

Jumatano, 5 Machi
Hewa tumeitoa! Mpira tumeuzamisha kwenye pipa la maji, barakoa usoni, valvu ikafunguliwa kidogo kidogo. Mapovu makubwa yakapanda na kupasuka juu. Hewa tupu hiyo, maana amonia maji huimeza papo hapo. Tukangoja hadi mapovu yakaisha na maji yakaanza kutatarika. Funga! Jioni geji ilikuwa chini ya 13. Kila nyuzi moja ikishuka kwenye kondensa, umeme wa kompresa unapungua kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaja na mtu wa mauzo. Eti amonia ni sumu, tung'oe, tufunge mashine za gesi ya R404A.
"Mzee, nipe nafasi kwanza," nikamwambia.
Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja inaipasha dunia joto kama karibu kilo 3,900 za kaboni dioksidi. Amonia, sifuri. Na gesi za aina hiyo ndizo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza. Tununue leo kinachoondoka sokoni? Sumu ni kweli, naiogopa kila siku. Ila pua huisikia mapema, ile nyingine haina harufu.

Jumanne, 11 Machi
Mlango wa stoo wazi tena. Vijana wanapakia, mapazia ya plastiki yamechanika, unyevu wa ziwa unaingia wote. Koili imejaa barafu, mapezi hayaonekani. Kuiyeyusha ni joto, na joto hilo tunalilipia tena kulitoa.
Barua ya kumjibu bosi nimeimaliza. Sili mpya, mapazia mapya, kifaa kinachotoa hewa chenyewe. Mitambo mipya hatuihitaji.