Bach Kwenye Flashi

Muziki wa akina Bach na Händel ulipanda Kilimanjaro kwa mlango wa kanisa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Leipzig ndio mji ambao Johann Sebastian Bach aliutumikia kama mkuu wa muziki wa makanisa tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa migombani, tukabatizwa na kufundishwa kuimba sauti nne, tulikuwa tunaziimba kazi za watu hao tangu utotoni bila kuyajua majina yao. Nilipofika umri wa kupiga kinanda cha kukanyaga cha usharika wetu, tuni niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Ijumaa Kuu, ile ya kichwa kilichovikwa miiba. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Hans Leo Hassler, aliyeichapisha mwaka 1601, aliitunga kwa wimbo wa mapenzi. Wazee wa usharika nadhani hawakuambiwa.

Lakini kuimba ni kitu kimoja na kusikiliza ni kingine. Kwa mtu wa rika langu, kuisikia okestra nzima ilikuwa bahati ya redio ya mawimbi mafupi. Usiku, ukipata kituo cha Ulaya, ungeweza kuambulia Mozart wa dakika chache, sauti ikija na kupotea, na mara kituo cha jirani kinaingia na taarifa ya habari kwa lugha usiyoijua. Tena betri hazikuwa kitu cha kuchezea. Katika miaka ile ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu alianika betri juani ili zipate uhai wa kumalizia taarifa ya saa mbili, wala si Mozart.

Mambo yalilegea baada ya 1984, Serikali ilipoanza kufungua milango ya biashara na mali za Dubai zikajaa madukani. Nilinunua redio kaseti. Mwalimu mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akimaliza mkataba wake alituachia boksi la kaseti, na ndani yake mlikuwa na vipande vya Mateso ya Kristo kwa Mathayo ya Bach, kazi iliyosikika kwa mara ya kwanza Leipzig, Ijumaa Kuu ya mwaka 1727. Niliposikia kwaya ikiingia na tuni yangu ya kinanda nilisimama. Ilikuwa ileile, lakini sauti za kati na besi zilikuwa zinatembea kwa namna ambayo kitabu chetu cha nyimbo hakikuwahi kuniambia.

Kaseti ile niliisikiliza mpaka ikaanza kulia. Kazi nzima inapita saa mbili na nusu, na kaseti ya dakika tisini haiwezi kuibeba. Aliyerekodi alichagua alivyopenda yeye, na upande wa pili ulikatika kwaya ikiwa katikati ya neno. Betri zikichoka, mwendo ulishuka, na mwimbaji wa sauti ya kwanza akageuka kuwa wa sauti ya pili, kisha mwanamume. Mke wangu alikuwa akiuliza kutoka jikoni, "Baba, leo wamefiwa tena?" Ndivyo tulivyoishi na Bach miaka yote ile: vipande, na vipande vyenyewe vimelegea.

Enzi ya CD ilinipita kando. Huko Ulaya ilianza 1983, kwetu nadhani tuliizoea miaka ya tisini ikielekea kwisha, na CD halisi za muziki huu zilikuwa na bei ambayo mshahara wa mwalimu uliitazama kwa mbali. Za kuchoma za Kariakoo zilikuwepo tele, ila hakuna aliyekuwa anamchoma Bach.

Mwaka 2005 ndio uliogeuza mambo. Mwezi Juni, BBC iliweka mtandaoni simfoni zote tisa za Beethoven, zikichezwa na okestra yake ya Manchester chini ya Gianandrea Noseda, na kumruhusu mtu yeyote duniani azipakue bure kwa muda mfupi. Zilipakuliwa zaidi ya mara milioni 1.3, na makampuni ya kuuza santuri yakapiga kelele kwamba yanaharibiwa soko. Mimi nilikuwa nimeshahamia Dar es Salaam, na habari nilizipata kwenye redio. Nilikwenda intaneti kafe. Sasa hesabu mwenyewe: simfoni ya tisa ina takriban saa moja na dakika tano, kwa MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde, hizo ni karibu megabaiti 60. Kwa kasi ya simu ya mezani ya siku zile, faili hilo moja lilihitaji zaidi ya saa tatu bila kukatika, na hakuna kilichokuwa hakikatiki: laini ikishindwa kukatika, umeme ulikatika. Kafe ililipisha kwa saa. Kijana wa kaunta aliponiona nimekaa natazama mstari wa bluu ukisogea, alinijia taratibu. "Shikamoo mwalimu. Kompyuta imekwama, nikuhamishe?" Nikamwambia haijakwama, nasubiri Beethoven. Akasema, "Ah, sawa," akarudi kwenye kaunta yake kama mtu aliyeamua kutouliza zaidi.

Nilipata ya tano na ya sita, nyingine muda ukaisha. Lakini zilikuwa nzima, mwanzo hadi mwisho, na zilikuwa zangu.

Kisha ukaja mkongo. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi katika pwani yetu, Dar es Salaam na Mombasa, mwaka uliofuata ikaja EASSy, na Afrika Mashariki ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Watu wanakumbuka mkongo kwa sababu ya Facebook. Mimi naukumbuka kwa sababu ya vinanda vya mabomba. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, James Kibbie, alirekodi kazi zote za Bach za kinanda cha mabomba kwenye vinanda vya zamani vya Ujerumani, vile vya enzi ya Bach mwenyewe, na chuo kikaziweka zote mtandaoni bure. Zote! Mtu aliyekuwa akikanyaga kinanda cha mbao kinachovuja upepo, akisaidiwa na kitabu kimoja cha preludi kilicholiwa na mende, sasa anaweza kukaa sebuleni Kimara akasikia namna kile alichokuwa akikihangaikia kinavyotakiwa kusikika. Nilipakua kidogokidogo kwa bando la usiku, kwa maana mchana bei ilikuwa nyingine. Asubuhi ningeamka kuona nini kimeshuka.

Mwaka 2012 ikafuata Goldberg Variations ya Bach, iliyopigwa kwa piano na Kimiko Ishizaka. Gharama za kurekodi zilichangwa na wasikilizaji wenyewe, na rekodi ikatolewa kwa umma bila haki yoyote kuzuiwa: unapakua, unampa jirani, unaitumia utakavyo. Huo ni mchango wa harusi hasa, isipokuwa hapa hata asiyechanga anakula pilau.

Kupakua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuusikiliza muziki huo kwa vyombo vya nyumbani, na vyombo vyetu havikutengenezwa kwa ajili yake. Nilikuwa na sabufa, kama kila nyumba mtaani, yenye tundu la flashi mbele na taa zinazowakawaka. Sabufa imeumbwa kwa ajili ya besi. Ukiipa kwarteti ya Haydn, ile sauti ya selo inavimba mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, na violini mbili za juu zinasikika kama zipo kwa jirani. Dawa yake ni kushusha kitufe cha besi karibu na sifuri, kuipandisha treble kidogo, na kuliondoa lile boksi kubwa kwenye kona ya chumba, kwa sababu kona huongeza mvumo. Spika ndogo nazo uziinue zifike usawa wa masikio ya mtu aliyekaa; mimi niliziweka juu ya viti viwili vya plastiki. Haikuwa sebule ya kupigia picha, ila Haydn alisikika.

Tatizo la pili ni mpangilio. Vifaa hivi vinaamini kila kitu ni wimbo na kila wimbo una msanii. Simfoni ina sehemu nne zinazofuatana kwa mpango. Simu yangu ya kwanza ilizipanga kwa alfabeti, kwa hiyo Adagio zote zilitangulia, za Mozart na za Beethoven pamoja, kisha Allegro zote, kisha Andante. Sabufa haikujali hata alfabeti: ilicheza mafaili kwa kufuata yalivyonakiliwa kwenye flashi. Ilibidi nibadilishe jina la kila faili, nianze na 01, 02, 03, halafu niyanakili moja baada ya jingine. Vijana wa stationeri wanaojaza watu nyimbo kwenye flashi walikuwa wakinitazama nikifanya hivyo kwenye kompyuta yao. Mmoja akauliza huyo Bach ni bendi ya wapi. Nikamwambia Leipzig. Akauliza kama wana video.

Na kuna pengo. Hili liliniudhi kuliko yote. Katika simfoni ya tano ya Beethoven, sehemu ya tatu haiishi. Inazama, timpani inagonga chinichini, violini zinapapasa juu yake, sauti inapanda, na bila kupumua sehemu ya nne inalipuka kwa tromboni. Mtunzi amekushika pumzi makusudi. MP3 inakata sauti katika vipande vya sampuli 1152, na kipande cha mwisho kisipojaa, hujazwa ukimya. Kifaa kisichojua kuuruka ukimya huo kinakuletea kimya kifupi palepale penye mlipuko. Ni sehemu ndogo ya sekunde, mtu wa bongo fleva hataiona. Kwangu mimi ilikuwa sawa na mhubiri kukohoa kabla ya kusema "Amefufuka."

FLAC iliniondolea kero hiyo. Aina hii ya faili ilitoka 2001, na inaibana sauti ya CD bila kupoteza hata chembe, hadi karibu nusu ya ukubwa wake, wala haiongezi ukimya mwishoni. Sabufa yangu haikuitambua, kwa hiyo nililazimika kujenga upya. Fundi mmoja wa Kariakoo alinitafutia amplifaya ya zamani ya Kijapani na spika mbili za mbao, zote za mitumba, akabadilisha kapasita zilizovimba. Mwanangu anayesoma Ujerumani alinitumia kifaa kidogo cha kugeuza namba kuwa sauti, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Pamoja nacho alininunulia kwa kadi yake Mateso ya Kristo kwa Mathayo nzima, faili za FLAC, karibu megabaiti 800.

Nilizipakua usiku mmoja na asubuhi nikasikiliza yote. Tuni ya Hassler inarudi mara tano. Mara mbili za kwanza ni upatanisho uleule wa sauti, ila mara ya pili Bach ameushusha nusu toni. Unahisi giza limeongezeka na hujui kwa nini. Mara ya mwisho inakuja mara tu baada ya Yesu kukata roho, na hapo sauti za chini zinateleza kwa nusu toni mpaka tuni unayoijua tangu utoto inakuwa kama hujawahi kuisikia. Hiyo ya mwisho haikuwemo kwenye kaseti. Aliyerekodi aliiruka.

Siku hizi wajukuu wananiambia nimechoka na mafaili yangu. Spotify ilifika Tanzania na Kenya Februari 2021, na kweli kila kitu kimo, Bach wa kila aina, anayepigwa kwa haraka na anayepigwa polepole. Naitumia, siwezi kudanganya. Ni nzuri kwa kuonja kabla ya kununua. Lakini mwaka huohuo palikuwa na huduma iitwayo Primephonic, iliyotengenezwa mahsusi kwa muziki huu, iliyojua kupanga kazi kwa mtunzi, kondakta na sehemu zake. Apple iliinunua mwishoni mwa Agosti, na Septemba 7 ikazimwa. Programu mpya ya Apple ya muziki huo ilitoka Machi 2023. Kwa mwaka mmoja na nusu waliokuwa wamelipa na kupanga maktaba zao humo walibaki na kumbukumbu tu. Na huko kwao bando haliishi katikati ya fuga.

Ubora wa sauti umebadilika, ndiyo, lakini kwangu hilo ni la pili. La kwanza ni kwamba kupakua kulitupa kazi nzima sisi tulio mbali na kumbi za okestra, kukatuachia iwe mali yetu. Anayesikiliza kwa kukodi amerudishwa karibu na redio ya mawimbi mafupi: anapata atakachopewa, kwa muda atakaopewa.

Kwa hiyo, msomaji, kama una kiu ya muziki huu, anza na zile za bure na za halali: vinanda vya Kibbie, Goldberg ya Ishizaka. Ukiwa na fedha kidogo, nunua faili, usinunue sabufa kubwa zaidi. Chagua FLAC panapowezekana. Weka namba mbele ya kila jina. Na utunze nakala mbili, moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje iliyo mbali nayo, maana flashi hufa bila kuaga.