Bustani Nyuma ya Nyumba

Akina mama wenzangu mnaokaa katika nyumba za askari, leo napenda kuwaeleza habari ya kipande cha ardhi kilicho nyuma ya nyumba yetu hapa Kampala. Hakizidi hatua sita kwa nne, na ifikapo saa tisa alasiri nusu yake imekwisha kufunikwa na kivuli cha ukuta.

Mwezi wa Februari 2021 mume wangu, ambaye ni mwanajeshi, alipangiwa kwenda Somalia pamoja na kikosi chake. Juma moja kabla ya safari alipanda miche ya nyanya mistari mitatu, akachomeka vijiti vya kuifungia, kisha akaniambia, "Mama Neema, nitunzie hii. Nikipiga simu nitauliza habari zake." Nikaahidi.

Sina budi kukiri kwamba niliahidi nisiloliweza. Mimi ni mtumishi wa serikali. Huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na kwa msongamano wa magari hurejea saa moja usiku, nikakuta watoto watatu wananingoja na madaftari yao. Nyanya nazo hutaka kufungwa, kupunguzwa machipukizi, kupigwa dawa na kutazamwa kila siku. Mvua za masika zilipoanza kunyesha mwezi wa Machi, majani yalitoka madoa meusi ya ukungu, na muda si muda mistari yote mitatu ilikuwa imekwisha.

Usiku ule simu ikalia. Baada ya salamu akauliza, "Nyanya je?" Nikajibu, "Hazijambo." Niliona si vyema kumpelekea mtu aliye vitani habari ya kifo, hata kama ni kifo cha nyanya. Alipopiga tena nilimwambia zimetoa maua. Tangu hapo kila simu ikawa na uongo wake, nami nikaanza kuichelea.

Aliyeniokoa ni jirani yetu, mama mtu mzima, mjane wa sajini. Yeye huniita Mwalimu kwa sababu ya cheti changu cha ualimu, ingawa sasa kazi yangu ni ya ofisini. Alilitazama lile tuta, akacheka. "Mwalimu, hii ni mimea ya mtu anayeshinda nyumbani. Wewe huonekani mchana. Panda kitakachokungoja."

Kesho yake aliniletea mbegu za nakati zilizofungwa katika karatasi. Nakati, ambayo Waganda huipenda sana, ni jamaa ya nyanya chungu, ila hapa huliwa majani. Nilikuwa na desturi ya kung'oa shina zima. Akanifundisha kukata ncha tu, na shina likachipua tena, hata tukala mboga ya tuta lilelile kwa miezi. Kando yake nikapanda mgagani, unaostahimili ukame. Penye mteremko, mahali ambapo mvua ilikuwa ikichukua udongo, nikachomeka marando ya viazi vitamu. Hayo yalitambaa yakafunika ardhi, na magugu yakakosa nafasi. Jembe sikulishika tena upande ule.

Ukutani tulipanda mululuza kwa kukata vijiti na kuvichomeka tu. Majani yake ni machungu mno, na watu wengi huyachemsha wakiwa na homa. Mimi nasema mtoto akishikwa na homa apelekwe zahanati kwanza, hayo mengine yafuate. Shubiri niliipanda katika debe bovu, nikakaribia kuiua kwa wema, kwani maji mengi huiozesha mizizi. Mchaichai ndio uliostahimili kuliko yote. Kiangazi cha Juni hadi Agosti nilikuwa nikiumwagia maji niliyooshea mchele, na siku nyingine nikisahau kabisa, nao haukulalamika. Shina likinenepa, hugawanywa kwa jembe na kumpa jirani. Mwenye nafasi na atembelee kituo cha kilimo cha mamlaka ya jiji kule Kyanja, akajionee jinsi mboga zinavyolimwa hata ndani ya magunia.

Mume wangu alirudi mwaka uliofuata, salama, ila amekonda. Hata kabla ya kuvua viatu alipita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, akasimama akitazama. Nilisimama nyuma yake, moyo ukinidunda kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama Neema, nyanya ziko wapi?"

Nikamweleza yote: ukungu, simu, maua yasiyokuwapo. Alinyamaza kitambo.

"Nilijua," akasema. "Nyanya gani hutoa maua miezi minane bila kuzaa? Lakini nilipenda kuuliza, na wewe ulipenda kujibu."

Kisha akainama, akakata jani la mchaichai, akalinusa, akaniuliza kama maji ya chai yamechemka.