Turbo Kubwa, Injini Ndogo: Hesabu Kwanza, Spana Baadaye

Leo tuache programu kidogo tuongee magari. Msikimbie, kuna hesabu ndani yake.

Ninaendesha Toyota Starlet Glanza. Kwa wasioijua, ni gari dogo lililoundwa Japani kati ya 1996 na 1999, lenye injini ya 4E-FTE ya cc 1,331 na turbo ndogo iitwayo CT9. Lilitoka kiwandani na nguvu farasi 135, na gari lenyewe halifiki tani moja. Sasa turbo imechoka. Shafti inacheza, oili inavuja, na nyuma unatoka moshi wa samawati. Akiba niliyo nayo inatosha jambo moja tu, kwa hivyo lazima nichague vizuri.

Fundi wangu, mzee ninayemheshimu sana, ana jibu tayari. "Kijana, tafuta GT28 pale Kirinyaga Road. Hiyo ndogo ni ya kwenda sokoni." Nikamwambia, "Mzee, nipe siku mbili nipige hesabu." Akacheka sana.

Haya, turbo ni nini? Ni magurudumu mawili madogo kwenye shafti moja. Moja huzungushwa na moshi wa injini, la pili husukuma hewa ndani ya injini. Gurudumu kubwa linaweza kusukuma hewa nyingi, lakini linahitaji moshi mwingi kabla halijaamka. Dogo huamka mapema, ila ukililazimisha kupita uwezo wake huichemsha hewa, na hewa moto ndiyo mwanzo wa pistoni kupasuka na injini kunoki.

Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: injini yangu inavuta hewa kiasi gani? Injini hii humeza lita 1.33 kila inapozunguka mara mbili. Chukua mizunguko 6,500 kwa dakika, ujazo wa asilimia 90, presha ya turbo baa 0.6 (si baa ya pombe jamani!), na hewa iliyopozwa hadi nyuzi 45. Skripti yangu fupi ilinipa kilo 6.1 za hewa kwa dakika. Kwa petroli, kila kilo ya hewa kwa dakika hutoa takriban nguvu farasi 22. Zidisha, unapata 134. Karibu sawa kabisa na kiwandani!

Sasa tazama GT2860RS, mmoja wa ukoo huo wa GT28. Garrett wanaitangaza kwa injini za lita 1.8 hadi 3.0, na kwa nguvu hadi farasi 360. Hizo ni kama kilo 16 za hewa kwa dakika. Kuifunga kwenye injini yangu ni kupika chai ya mtu mmoja kwa sufuria ya harusi. Kuna pia TD04, ile ya baadhi ya Subaru Forester na Impreza za lita 2.0. Hiyo ina akili zaidi, lakini nayo ingechelewa kuamka kwenye lita 1.3. Na ukitaka kutumia nguvu zake zote, utanunua pia nozeli za mafuta na kompyuta ya kuzitawala, maana ile ya kiwandani hukata mafuta presha ikizidi.

Jambo la pili wengi hulisahau: tunaishi mlimani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya kama baa 0.83, wakati Mombasa ni 1.01. Geji ikisoma 0.6 Mombasa, turbo imezidisha presha ya hewa mara 1.6. Nairobi, geji ikisoma 0.6 ile ile, imezidisha mara 1.7. Turbo ndogo hapa hutoka jasho zaidi, kwa hivyo kuipandisha hadi baa 1 kwa sababu mtu wa nchi ya pwani alifanya hivyo ni kuitafutia kaburi.

Jambo la tatu ndilo lililoamua. Karibu kila mwisho wa mwezi huenda Nakuru kumwona mama, na mara nyingi nikirudi Nairobi huwa naye. Pale tunapopanda kutoka Mai Mahiu, malori yanatambaa na nafasi ya kupita ni fupi. Ninapoanza kulipita lori huwa niko kwenye mizunguko 3,000 hivi. Nahitaji nguvu hapo hapo. Turbo kubwa ingekuwa bado inajikusanya nikiwa ubavuni mwa lori, halafu nguvu zije zote kwa pamoja huku gari lingine likinijia. Sisi wa programu tunajua kwamba seva inayobeba watu elfu si lazima iwe ndiyo inayojibu haraka ukibofya.

Basi nitaifufua CT9: beringi mpya, sili mpya, magurudumu yapimwe mizani, presha ibaki 0.6. Nitakachobakiza kitanunua breki na kipoza hewa kikubwa zaidi.

Mzee aliitazama karatasi yangu kwa muda, akauliza mizani ya shafti tutapimia wapi. Marafiki bado wanacheka. Wacheke tu. Kabla hujanunua turbo, andika namba moja: mizunguko ambayo injini yako hufanyia kazi kila siku. Anzia hapo kuchagua.