Mto Nithi Watoka Wapi? Safari ya Siku Nne Katika Mlima Kenya

Kila mtu apitaye barabara kuu kutoka Embu kwenda Meru huuvuka Mto Nithi, kaskazini ya mji wa Chuka. Daraja lake linajulikana nchi nzima, na hilo kwa huzuni, kwa sababu ya ajali za magari zilizotokea katika mteremko wake. Walakini, katika maelfu ya watu wanaolivuka, ni wachache waliopata kujiuliza maji yale yametoka wapi. Nithi hauanzii katika chemchemi ya shambani, wala hauanzii msituni. Huanzia katika maziwa madogo yaliyo juu sana mlimani, kama futi 13,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari, ndani ya bonde lenye kuta za mawe ambalo wapanda milima huliita Bonde la Gorges, maana yake bonde la makorongo.

Mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, watu wanane wa sehemu za Chuka na Chogoria walifunga safari ya siku nne kwenda kuyaona maziwa hayo. Wanne walikuwa wakulima wa chai na kahawa, wawili walimu, na wawili makarani. Walikuwa na kiongozi mmoja aliyeujua mlima tangu ujana wake, mpishi, na wapagazi sita wa kuchukua mahema na vyakula.

Miongoni mwa wakulima alikuwamo mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi amenywesha shamba lake kwa mfereji uliochimbwa kutoka Nithi. Siku hizi kila kiangazi kikifika maji ya mfereji hupungua, na majirani waliozoea kusalimiana kwa furaha wameanza kugombania zamu. Watu walimwambia kwamba barafu ya mlimani inayeyuka, na kwamba siku itakapokwisha mto nao utakauka. Mzee hakutaka kulisadiki neno hilo wala kulikataa kabla ya kwenda kuona kwa macho yake.

Safari ilianza Chogoria, mji uliokua kuzunguka hospitali ya misheni ya Kiskoti iliyoanzishwa mwaka 1922. Kutoka hapo gari la Land Rover lilipanda karibu maili 20 hadi lango la Hifadhi ya Taifa. Mashamba ya chai hukoma ghafula, na mara msitu mkubwa huanza. Kwanza ni miti mirefu ya podo na kamfa, iliyofungamana hata jua halifiki chini. Kisha huja mianzi, iliyosimama kama askari wasiohesabika, na njia hupita katikati yake kama ushoroba wa nyumba. Juu zaidi ipo miti iitwayo hagenia, yenye magome mekundu na ndevu za kijani zinazoning'inia matawini. Kinyesi cha tembo na nyayo za nyati zilionekana njiani, lakini wenyewe hawakuonekana. Usiku wa kwanza walilala karibu na lango, futi 9,700 juu, na asubuhi walikuta majani meupe kwa jalidi.

Siku ya pili walianza kwenda kwa miguu. Kiongozi alitoa amri moja tu: mtu asimpite yeye. "Mlima huu haushindwi kwa mbio," alisema. "Mwenye haraka ndiye tunayemrudisha akiwa amebebwa." Sababu yake ni hii: kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi, na mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea. Asiyeupa mwili wake nafasi hupatwa na ugonjwa wa kimo, ambao huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu, na ukipuuzwa huweza kujaza maji mapafuni au kuvimbisha ubongo na kuua.

Alasiri walifika Ziwa Ellis, futi kama 11,300 juu. Ni ziwa pana lisilo na kina kirefu, limelala katika mbuga ya majani marefu yenye vishungi, na nyuma yake vilele vya mlima husimama wazi. Hapa msitu umekwisha. Ardhi ni laini na yenye kinamasi, hata mtu akikanyaga husikia maji yakibonyea chini ya kiatu. Mzee aliinama akang'oa mkono mmoja wa majani laini kama sufu yaliyofunika udongo, akayakamua. Ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa majuma kadhaa, maji yalichuruzika kati ya vidole vyake. Hakusema neno, ila aliyatazama kwa muda mrefu.

Siku ya tatu njia iliingia katika Bonde la Gorges lenyewe. Hapa yafaa kueleza jinsi bonde hili lilivyofanyika. Mlima Kenya ni mlima wa moto uliozimika, ambao ulikuwa ukitapika mawe yaliyoyeyuka yapata miaka milioni tatu iliyopita. Wataalamu wa miamba wanaamini kwamba zamani ulipita futi 20,000 kwa urefu. Kilele chake cha leo, Batian, chenye futi 17,057, ni kiini tu kilichobaki baada ya sehemu za nje kuliwa na hali ya hewa. Baadaye zilikuja zama za baridi kali, na barafu ikajaa mabondeni na kuteremka polepole kama uji mzito. Mto wa maji hukata bonde jembamba kama pigo la jembe, lakini mto wa barafu hukwangua chini na kando pamoja, ukaacha bonde pana lenye kuta wima, mfano wa hori la ng'ombe. Ilipoyeyuka iliacha mashimo katika mwamba, na mashimo hayo yakajaa maji. Hayo ndiyo maziwa ya leo.

Mimea ya huko ni ya ajabu. Senesio huwa mkubwa kama mti na huvaa majani yake makavu shinani kama koti la kujikinga na baridi. Lobelia hufunga majani yake usiku ili kulinda moyo wake, na maji yaliyokusanyika kati ya majani huganda juu tu, huku ya chini yakibaki bila kuganda. Aina moja, yenye manyoya kama mkia, ilipewa jina la Teleki, mtu wa Hungaria aliyefika katika mlima huu mwaka 1887. Ndege mdogo aina ya chozi, mwenye rangi ya kijani inayong'aa, huenda huku na huku akinyonya maua hayo katikati ya baridi.

Ziwa Michaelson limekaa mwishoni mwa bonde, chini ya genge la mwamba lenye urefu wa karibu futi elfu moja. Maji yake ni meusi ukiwa mbali na ya kijani ukiwa karibu. Kikundi kilipofika, jua lilikuwa limekwisha kuacha sakafu ya bonde, na baridi ilishuka mara moja. Mahema yalipokuwa yakisimamishwa, mmoja wa makarani, kijana mwenye nguvu kuliko wote, alionekana ameketi peke yake juu ya jiwe. Kichwa kilikuwa kimemuuma tangu alfajiri, lakini alikuwa amekificha kwa kuogopa kuchekwa na wazee. Sasa alitapika, na kiongozi alipomwambia atembee katika mstari ulionyoka, aliyumba kama mlevi.

"Nipe dawa nilale tu, kesho nitakuwa mzima," kijana alisihi.

"Kulala hapa ndiyo hatari," kiongozi akamjibu. "Dawa yako ni kuteremka, na ni sasa hivi."

Wengine walisema ni giza, na njia ya kando ya mto ni mbaya. Kiongozi hakubishana nao. Alichagua wapagazi wawili, akawapa taa, blanketi na chai ya moto, nao wakamshika kijana huku na huku wakaanza kushuka. Waliobaki waliketi wakitazama taa mbili zikipungua bondeni hata zikapotea. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Asubuhi mpagazi mmoja alirudi na habari kwamba walipokuwa wamekwisha kushuka zaidi ya futi elfu moja, kijana alianza kutembea mwenyewe, na sasa alikuwa akidai uji. Watu walicheka kwa furaha, na mwalimu mmoja akasema kwamba mtu anayeficha ugonjwa mlimani huwabebesha wenzake mzigo asioujua.

Siku ya nne walipanda njia kali itokayo ziwani hadi Hall Tarns, yaani vidimbwi vilivyo kwenye uwanda wa mawe juu ya bonde, futi 14,100. Pimbi walikuwa wakiota jua juu ya miamba bila kuwaogopa watu. Hatua chache kutoka hapo ni ukingo uitwao Temple, maana yake hekalu. Mtu akilala kifudifudi na kuchungulia, huliona Ziwa Michaelson chini kabisa, dogo kama sarafu, na Mto Nithi ukitoka humo kama uzi mweupe na kupotea katika msitu. Mbele zaidi, katika ukungu wa joto, ni mashamba ya chai na kahawa, kisha nchi kavu ya Tharaka, na huko mbali Mto Tana, unaoyachukua maji haya hata Bahari ya Hindi.

Mzee akageuka kuutazama upande wa vilele. "Barafu iko wapi?" aliuliza. Kiongozi alimwonyesha madoa meupe machache. Mackinder, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kuandikwa kwamba alifika Batian, mwaka 1899, alikuta mito ya barafu 18 katika mlima huu. Nyingi zimekwisha kabisa. Ule mkubwa, uitwao Lewis, ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, kwa maana hali ya hewa ya dunia imebadilika.

"Basi waliyoniambia ni kweli," mzee akasema. "Ikiisha, na mto umekwisha."

"La, mzee wangu," kiongozi akajibu. "Tazama ukubwa wa madoa yale, kisha utazame mto. Maji ya barafu ni sehemu ndogo tu. Nithi hulishwa na mvua na ukungu. Zile mbuga ulizozikamua kwa mkono wako, na msitu tulioupita kwa gari, ndizo zinazoyapokea maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kuikinga barafu hatuwezi mimi na wewe. Mbuga na msitu twaweza."

Maneno hayo yana uzito, kwa sababu mbuga hizo zimekwisha kuungua mara nyingi. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, moto mkubwa uliteketeza eneo pana la Mlima Kenya. Moto mdogo uliosahauliwa huweza kuanza balaa hiyo wakati majani yamekauka. Udongo ulioungua haunyonyi maji vizuri: mvua ikija huteremka kwa kishindo na kuchukua udongo, na kiangazi kikija hakuna kilichobaki cha kuteremka.

Kwa wale watakaotaka kuiga safari hii, miezi inayofaa ni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Mtu achukue koti zito, koti la mvua, viatu imara na nguo za kubadilisha, kwa maana usiku maji huganda. Apande na kiongozi anayeijua njia, anywe maji mengi, na akiumwa kichwa aseme upesi. Takataka zote zirudi chini pamoja na mwenyewe. Mlima huu umekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1949, na mwaka 1997 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini kabla ya hayo yote Agikuyu waliuita Kirinyaga, na wazee wao waliuelekea walipoomba mvua. Si sifa njema kwamba wageni kutoka nchi za mbali waje kuyaona maziwa haya huku sisi tunaoyanywa maji yake hatujayaona.

Baada ya kurudi, mzee alisimama katika mkutano wa wanachama wa mfereji. Wengi walitazamia awahadithie juu ya barafu. Yeye alizungumza juu ya mikaratusi. Alisema kwamba mwaka 2009 Serikali ilipowaagiza wakulima kuing'oa mikaratusi katika kingo za mito, kwa kuwa hunywa maji mengi, yeye aliiacha yake isimame, kwa kuwa nguzo zake zilikuwa zikimpatia ada ya shule ya wajukuu, na alijiambia kwamba maji hutoka katika barafu, si katika shamba lake. Sasa ameona yatokako. Aliomba watu wawili waje kumsaidia kwa shoka siku ya Jumamosi, na akaahidi kupanda miti ya kienyeji mahali pake. Walikuja sita.